Siku sita za kumtambua nyigu kekeo, kutoka Majengo hadi Tengeru

Jumatatu, 16 Desemba 2024. Majengo, Moshi

Safari hii ilianzishwa na nzi, au tuseme na mdudu aliyedhaniwa kuwa nzi. Mwezi uliopita mwanafunzi wangu wa kidato cha pili alinionyesha, kwenye ukuta wa nje wa darasa, mdudu wa kijani aliyeng'aa kama ushanga, akaniambia, "Mwalimu, usimguse, huyo ni nzi wa chooni." Nikamwambia ahesabu mabawa kwanza. Nzi ana mabawa mawili. Yule alikuwa na manne, mawili yamelala juu ya mawili, na vipapasio vyake vilikuwa virefu, vimepinda kama kiwiko na havitulii hata nukta moja, ilhali vya nzi ni vifupi kiasi kwamba huvioni bila lenzi. Alikuwa nyigu. Kabla sijapata chupa aliruka akapotea upande wa jikoni, na tangu siku hiyo nimekuwa nikisubiri likizo kama wanafunzi wenyewe.

Mimi huwaita wadudu hawa nyigu kekeo, kwa kuwa mwenendo wao ni ule ule wa ndege kekeo: jike hajengi wala hawindi, bali hutaga yai katika nyumba ya mwenzake na kumwachia gharama yote ya malezi. Familia yao kwa jina la kitaalamu ni Chrysididae, jina lenye asili ya neno la Kigiriki la dhahabu, na spishi zake zilizokwisha kupewa majina duniani zinapita 2,500. Anayekutana nao mara ya kwanza hudhani kwamba kumtambua mmoja wao ni kazi nyepesi, maana rangi yake inaonekana toka hatua kumi. Nami nilidhani hivyo.

Leo nimefungasha vifaa: wavu, pini za wadudu, lenzi ya kukuza mara 10, kisanduku chenye sakafu ya sponji, karatasi za lebo, na chupa ya kuulia ambayo ndani yake nimeweka pamba yenye matone machache ya dawa ya kuondolea rangi ya kucha. Kando ya hivyo lipo gudulia la kioo lililofungwa kitambaa mdomoni. Ndani yake limo bonge la tope lenye ukubwa wa ngumi, nililolibandua wiki tatu zilizopita kwenye dari ya baraza langu. Ni kiota cha nyigu wa tope, yule mweusi mwenye miguu ya njano na kiuno chembamba kama uzi, wa jenasi ya Sceliphron. Kina vyumba saba, na vyote vimezibwa. Sijui kila chumba kina mtoto wa nani, na ndiyo sababu nimekitunza.

Jumanne, 17 Desemba. Kibosho

Nilipanda daladala ya asubuhi nikashuka karibu na mfongo mmoja, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, unaopita katikati ya migomba. Mifongo ni rafiki wa mtafuta nyigu kuliko anavyodhani mtu, kwa sababu nyigu wa tope huhitaji udongo uliolowa kwa kiasi, usio na maji ya kutiririka wala usio mkavu, na ukingo wa mfongo huwa na udongo wa namna hiyo hata mvua za vuli zinapokaribia kukatika. Nilihesabu majike tisa kwenye kipande cha ukingo kisichozidi hatua tatu. Kila mmoja aliinamisha kichwa, akainua mkia juu, akafinyanga donge kama punje ya mtama huku mabawa yakivuma, kisha akaondoka nalo. Niliwafuata kwa macho; wengi walielekea kwenye ghala la kahawa la mzee mmoja jirani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Umetumwa kukagua kahawa?"

"Hapana, babu. Naomba ruhusa niangalie yale matope yaliyo kwenye boriti zako."

Alinitazama kwa muda, halafu akacheka. "Hayo bibi yako huyabomoa kwa ufagio kila mwaka. Yachukue yote, mwanangu, lakini usinitie nyigu ndani ya magunia."

Nilikaa juu ya gunia la kahawa ya maganda kuanzia saa nne asubuhi hadi saa saba na nusu. Kwa muda mrefu hapakuwa na la kuandika. Saa sita kasoro, mwanga wa jua ulipofika kwenye boriti kupitia tundu la bati, akatua nyigu wa kijani kibichi chenye buluu, mkubwa karibu sawa na mfupa wa kidole changu kidogo. Alitembea juu ya kiota akipigapiga tope kwa ncha za vipapasio, kama fundi anayegonga ukuta kutafuta mahali palipo wazi ndani. Vyumba vitatu alivipita. Kwenye cha nne, kilichozibwa, alisimama, akarudi nyuma, akakunja fumbatio, yaani sehemu ya nyuma ya mwili, na kuelekeza ncha yake kwenye tope. Wakati huo huo mwenye nyumba akarejea na donge lake mdomoni, akamgonga kwa kichwa. Huyo wa kijani hakupigana wala hakukimbia. Alijikunja: uso ukaingia kwenye uvungu wa fumbatio, miguu na vipapasio vikafichwa katikati, na kilichobaki ni mpira mdogo wa chuma cha rangi, ambao ulianguka juu ya gunia kwa mlio wa punje ya kunde.

Nilimwokota kwa vidole vitupu. Mtu akiona nyigu wa ukubwa huo hataki kusikia habari ya vidole vitupu, na babu alisogea nyuma hatua mbili, lakini katika kundi hili mwiba umebaki kuwa kitu kidogo kisicho na kazi, na sehemu za mwisho za fumbatio zimegeuka kuwa mrija wa kutagia unaotoka na kuingia kama vipande vya antena ya redio. Silaha yake ni gamba. Upande wa chini wa fumbatio umebonyea, na ubonyevu huo ndio unaomwezesha kujifunga. Nyigu wa kawaida, mwenye tumbo la mviringo, hata akitaka hawezi.

Kuhusu yai, nyigu kekeo hawana desturi moja. Mtoto wa baadhi yao hula yai au funza mchanga wa mwenye nyumba na kumalizia akiba ya chakula iliyowekwa humo, jambo ambalo ni wizi kamili. Mtoto wa wengine husubiri funza wa mwenyeji amalize kula buibui wote aliowekewa na kunenepa, ndipo humla yeye mwenyewe. Huyu wa Kibosho, kwa kuwa alichagua chumba kilichokwisha kuzibwa, nilimweka moyoni katika kundi la pili, ingawa tendo moja lililokatizwa si ushahidi wa kutosha.

Kwenye daftari niliandika: kichwa na kifua kijani chenye buluu, ncha ya mkia buluu iliyokolea. Simu ilinipa mita 1,310 juu ya usawa wa bahari.

Jumatano, 18 Desemba. Mabogini

Kutoka baridi ya Kibosho hadi joto la mashamba ya mpunga ni safari fupi, lakini mtu huhisi kama amevuka mkoa. Kwenye ukuta wa kibanda cha pampu nilimnasa wa pili, mkubwa kama yule wa jana, ila huyu alikuwa wa buluu tupu kuanzia paji la uso hadi mkia, bila hata chembe ya kijani. Nilifurahi kuliko inavyompasa mtu mzima. Nikaandika kwa herufi kubwa: SPISHI YA PILI. Mstari huo bado upo, na nimeuacha makusudi.

Wa tatu alipatikana kwenye fito za mianzi za paa la banda la mbuzi, mahali penye matundu madogo ambamo nyuki wapweke na nyigu wadogo hujenga. Alikuwa mdogo, milimita saba hivi, kichwa na kifua vya buluu na kijani, fumbatio jekundu kama shaba iliyosuguliwa kwa ndimu. Alizunguka mdomo wa tundu moja kwa zaidi ya nusu saa, akiingia kichwa kwanza, akitoka, kisha akiingia kinyumenyume. Nilipomnasa wavuni, mwenye banda aliniuliza kama anauzika. Nikamjibu hapana. Akasema basi nimepoteza asubuhi.

Usiku nimepata hasara ambayo ni ya uzembe wangu. Nilikuwa nimewachoma pini wote watatu, kila pini ikipita upande wa kulia wa kifua ili upande wa kushoto ubaki mzima, nikakiacha kisanduku wazi mezani wakauke. Miguu ya meza sikuipaka mafuta. Niliporudi kutoka kula, sisimizi walikuwa wamepanga mstari kutoka dirishani. Yule wa Kibosho amepoteza kipapasio cha kushoto na mguu mmoja wa nyuma. Hao wengine wamepona kwa kuwa walikuwa mbali zaidi na dirisha. Kitu kimoja kilinipa faraja kidogo: gamba lenyewe halikuguswa. Sisimizi walikuwa wametafuta maungio yote, wakachukua vilivyoweza kukatika, lakini juu ya mgongo hapakuwa na alama hata moja.

Alhamisi, 19 Desemba. Barabara ya Arusha

Si siku nzuri ya kusafiri na vitu vya kuvunjika. Krismasi imekaribia, na ingawa mkondo mkubwa wa watu ni wa wanaorudi nyumbani Kilimanjaro, costa ya kwenda Arusha nayo ilijaa hadi mlangoni. Gudulia la kiota nililipakata, kisanduku nikakivika fulana ndani ya begi. Mama aliyekaa karibu nami aliuliza kama ninapeleka asali. Nilipomweleza ukweli aligeuza magoti upande wa pili, na hatukuzungumza tena mpaka Boma Ng'ombe.

Pale Boma Ng'ombe ndipo barabara ya Sanya Juu inapochepuka, na huko juu ndiko Kibong'oto, panapojulikana zaidi leo kwa hospitali ya kifua kikuu. Wanaosoma wadudu wanalijua jina hilo kwa sababu nyingine. Mwaka 1905 na 1906 Msweden aitwaye Yngve Sjöstedt aliongoza msafara wa kukusanya wanyama kuzunguka Kilimanjaro, Meru na nyika za Wamasai, na lebo nyingi za wadudu wake zimeandikwa "Kibonoto". Hivyo mtu anayetaka kusema kwamba amepata kitu kipya kwenye miteremko hii hana budi kukumbuka kwamba palichokorwa na wenye nyavu zaidi ya karne moja iliyopita, na kwamba walichokibeba kimekaa kwenye droo za Ulaya.

Tulipokuwa tukipita Kikatiti nilisikia mkwaruzo mdogo kutoka kwenye gudulia. Tope la chumba kimoja lilikuwa likitoboka kwa ndani, na unga wake ulidondoka chini kidogo kidogo. Tuliposhuka Tengeru tundu lilikuwa duara kamili na juu ya kitambaa amekaa nyigu mkubwa, kijani chenye wekundu wa shaba mabegani, mkia wa buluu. Spishi ya tatu kati ya wakubwa, nilijisemea, na safari hii ushahidi wa mwenyeji ninao mkononi.

Ijumaa, 20 Desemba. Tengeru

Rafiki yangu ana hadubini ya kukuza mara 40 na uvumilivu wa kunipa meza yake kutwa nzima. Kitu cha kwanza alichokifanya kilikuwa kuzima taa. Gamba la wadudu hawa hurudisha mwanga kama kioo, na ukimulika moja kwa moja huoni kitu ila nukta nyeupe zinazouma macho. Alikata kitako cha kikombe cheupe cha plastiki, akamfunika nyigu kwa kikombe hicho, kisha akawasha taa nje yake. Mwanga uliopenya ulikuwa laini kama wa siku ya mawingu, na ghafla kila kishimo cha mgongoni kikaonekana na kingo zake.

Kisha akanifanyia jambo ambalo nastahili kulieleza bila kujitetea. Aliwageuza wale wakubwa watatu polepole chini ya taa. Yule wa buluu tupu alipolala ubavu alikuwa na kijani shingoni. Yule wa shaba, akitazamwa kutoka nyuma, shaba yake ilififia ikawa kijani. Rangi hii haitokani na rangi iliyochanganywa ndani ya gamba kama ilivyo nyeusi ya nyigu wa tope. Hutokana na tabaka jembamba sana zilizopangana juu ya gamba, ambazo hurudisha sehemu fulani ya mwanga kulingana na unene wake na pembe ya jicho. Tofauti ndogo ya unene hubadili buluu kuwa kijani, na kijani kuwa shaba. Nilikuwa nimehesabu spishi tatu kwa kipimo kinachobadilika mtu akiinamisha kichwa.

Baada ya hapo tukaanza kazi yenyewe. Vipapasio vina vipande 13, kwa dume na kwa jike sawasawa. Uso umebonyea katikati, na shina la kipapasio hulala humo. Mgongoni mwa fumbatio yanaonekana mabamba matatu tu, kwa kuwa mengine yameingia ndani kuwa ule mrija. Nyuma ya kifua, juu kidogo ya kiuno, kuna sehemu iliyochomoza kuelekea nyuma, iliyobonyea juu kama upawa. Ukimtazama kwa ubavu huwezi kuikosa, na kwa mdudu mkubwa kama huyu ndiyo alama iliyotutoa kwenye kundi la Chrysis na kutupeleka kwenye jenasi ya Stilbum. Halafu bamba la tatu, ambalo kwa maoni yangu ndilo cheti cha kuzaliwa cha nyigu hawa: karibu na mwisho kuna uvimbe uliopita kutoka ubavu hadi ubavu, baada ya uvimbe mfereji wenye safu ya vishimo virefu, na baada ya safu hiyo ukingo wenye meno.

Meno manne. Kwa yule wa Kibosho, manne. Kwa yule wa Mabogini, manne. Kwa yule aliyezaliwa ndani ya costa, manne, yamepangwa vile vile, mawili ya kati yakiwa yamekaribiana. Upawa ni ule ule. Vishimo vya kifuani ni vikubwa na vimebanana, vya fumbatio vimeachana. Urefu ni milimita 15, 14 na 16, tofauti ambayo haina uzito, maana mtoto hukua kwa kadiri ya mwenyeji aliyemla. Wote watatu ni Stilbum cyanurum, spishi iliyopewa jina na Johann Reinhold Forster mwaka 1771, mwaka mmoja kabla hajapanda meli ya nahodha Cook, na inayopatikana Afrika na kwingi katika Ulaya ya kusini na Asia. Jina lenyewe maana yake ni mkia wa buluu. Kwenye daftari langu neno hilo nilikuwa nimeliandika mwenyewe siku ya Jumanne bila kujua kwamba limeshaandikwa.

Mchana wote uliobaki tuliutumia kwa yule mdogo wa shaba. Huyu hana upawa. Usoni, juu ya ubonyevu, ana ukingo uliokatiza kwa mlalo kama nyusi zilizoungana, na bamba la tatu lina meno sita. Ni Chrysis bila shaka. Zamani wataalamu waligawa jenasi hii kwa kuhesabu meno, wenye manne wakaitwa Tetrachrysis na wenye sita Hexachrysis, mpango ambao unampendeza mwalimu wa shule lakini haukuweza kusimama, kwani idadi ya meno peke yake huwatupa pamoja wasio ndugu. Ndani ya Chrysis kuna mamia ya spishi. Tulifuata ufunguo wa jenasi, yaani mwongozo wa kumtambua mdudu hatua kwa hatua, wa Kimsey na Bohart wa mwaka 1991 hadi ulipotufikisha, na hapo ukasimama, kama ilivyokusudiwa.

Tuliamua kumwandika badala ya kumpa jina. Rafiki yangu alisoma, mimi nikaandika:

"Jike. Urefu milimita 7.5. Kichwa na kifua buluu yenye kijani, paji la uso kijani zaidi. Bamba la kwanza na la pili la fumbatio jekundu la shaba, la tatu shaba iliyochanganyika na kijani kuelekea ukingoni. Uso umebonyea, una michirizi myembamba ya mlalo. Ukingo wa juu ya uso umekamilika, umepinda kidogo chini katika ncha zake. Bamba la tatu lina safu ya vishimo 12, viwili vya kati vikubwa kuliko vingine. Meno sita makali, mapengo kati yake yanalingana, isipokuwa pengo la katikati ambalo ni pana zaidi na kina chake ni kifupi."

Maneno hayo yalituchukua saa mbili na nusu. Neno "umekamilika" peke yake tulilibishania kwa robo saa, kwa sababu upande wa kushoto ukingo ule hufifia kabla ya kulifikia jicho, na hatukuwa na hakika kama ni umbo lake au ni vumbi. Ilikuwa vumbi. Rafiki yangu aliliondoa kwa unywele wa brashi.

Niliuliza, nusu kwa utani, kama haiwezekani awe mpya kwa sayansi. "Inawezekana," alisema, "ila huna jike la pili, huna dume, na hujaona vielelezo vya mfano." Kielelezo cha mfano ni yule mdudu mmoja ambaye jina la spishi limefungwa kwake, na tangu mwaka 2000 jina jipya halikubaliki kama mtungaji hakumteua waziwazi na kutaja mkusanyo atakamohifadhiwa. Wa zamani nao wametawanyika; wengi aliowaeleza Mocsáry, aliyetoa kazi yake kubwa juu ya familia hii mwaka 1889, wako Budapest. Mtu anayetangaza spishi mpya bila kuwalinganisha na hao anaweza kuwa anampa mdudu jina la pili.

Jumamosi, 21 Desemba. Kurudi Moshi

Asubuhi nimeandika lebo kwa kalamu ya wino usiofutika, herufi ndogo kadiri nilivyoweza: nchi, mkoa, mahali, mita, tarehe, aliyemnasa. Wakubwa watatu wamepata lebo ya pili yenye jina kamili, na yule aliyezaliwa safarini ameongezewa "kutoka kiota cha Sceliphron", maneno ambayo kwangu yana thamani kuliko wale wengine wawili pamoja. Wa Kibosho nimemwandikia pia kwamba kipapasio na mguu vimeliwa na sisimizi, ili atakayemtazama baadaye asidhani alizaliwa hivyo. Mdogo amepata "Chrysis", nukta, na nafasi tupu.

Njia ya kurudi ilikuwa na foleni kutoka Usa River, magari yakiwa na magodoro juu. Nilifika Majengo jioni, nikapaka mafuta miguu ya meza kabla ya kuvua viatu. Katika gudulia chumba cha pili kilikuwa kimetoboka, na juu ya kitambaa alikaa nyigu mweusi mwenye miguu ya njano, akisafisha vipapasio. Nikafungua kitambaa, naye akatoka kupitia dirishani. Vimebaki vyumba vitano.